Nani Ataniona Nikiingia? Shajara ya mradi wa kinga ya HIV kwenye programu za kutafuta wapenzi, Mombasa

Novemba 2024

Mradi umeanza, wa wanaume wanaopenda wanaume wenzao. Sisi tuliokuwa tukifanya uelimishaji rika hapa Mombasa tunajua kazi ilivyokuwa: mkoba wa kondomu na vilainishi begani, Mtwapa wikendi usiku, klabu hadi klabu, unawasalimia wale wale uliowasalimia juma lililopita. Kazi nzuri, na itaendelea. Lakini klabuni unakutana na waendao klabuni. Mwalimu wa Kisauni mwenye mke na watoto hayuko pale. Kijana wa chuo anayelala chumba kimoja na ndugu zake hayuko pale. Hao wako kwenye simu, usiku, nyumba ikishalala. Basi tumewafuata huko.

Kwa asiyezijua programu hizi: Grindr, iliyo kongwe kuliko nyingi, ipo tangu 2009. Ukiifungua inakupangia wanaume walio karibu nawe, wa karibu zaidi juu, kila mmoja kwenye kisanduku chake. Kwetu Pwani visanduku vingi havina sura. Utaona kifua, mguu, machweo ya Nyali, mgongo wa matatu. Ukiwa juu ya feri ya Likoni orodha inajipanga upya kabla hujashuka. Wa kisiwani wanateremka, wa ng'ambo wanapanda.

Karibu mwezi mzima tumeumaliza tukibishana kuhusu akaunti yetu ionekaneje. Mfadhili alileta nembo, na nembo ina utepe mwekundu. Tumeikataa. Mtu anafungua simu ndani ya matatu, jirani yake yuko bega kwa bega naye, halafu utepe wa ukimwi unamwaka usoni? Tumeweka rangi ya samawati tupu na neno moja, "Uliza". Chini yake: "Maswali ya HIV, PrEP na kujipima. Bure. Sitafuti mtu." Mwenzangu aliona hayo maneno ya mwisho ni makavu. Mimi naona bila hayo mengine yote hayana maana.

Kanuni tuliyoafikiana: hatumwandikii mtu kwanza. Anayetaka atatupata. Programu nyingi zinamfunga anayerusha ujumbe mmoja kwa watu wengi, lakini hata zisingefunga, mgeni anayekupigia hodi usiku akitaja afya yako anatisha.

Desemba 2024

Tulijiandaa kwa swali la "PrEP ni nini?" Tuliandika majibu mazuri kabisa, tukayapitisha kwa daktari. Karibu hakuna anayeliuliza. Wengi walishasikia redioni au kwa rafiki kwamba kuna tembe za kumkinga asiye na virusi. Kenya ilianza kuzitoa kitaifa 2017, si habari mpya.

Wanachouliza ni hiki, kwa maneno haya au yanayofanana nayo:

"Hiyo kliniki iko wapi?"
"Mlango wake unaangalia barabara?"
"Anayeandikisha ni mtu wa wapi?"

Na mmoja, moja kwa moja: "Bro, nani ataniona nikiingia?"

Nimeliandika swali hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani mezani petu. Kila pendekezo linaloletwa mkutanoni sasa linapimwa nalo.

Msomaji asiyeishi maisha haya anaweza kudhani ni aibu tu. Aibu ipo, lakini kuna zaidi. Kuna mchezo unaoitwa mtego. Unachati na kijana juma zima, anakuita chumbani kwake, mkiingia tu wenzake wanatokea, wanakupiga picha, wanachukua simu, wanakwambia utume M-Pesa la sivyo picha zitafika kwa mkeo, kwa bosi wako, msikitini kwenu. Utakwenda polisi kusema nini? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumiwa kuharamisha ngono kati ya wanaume, bado kipo, na kifungo chake ni miaka 14. Mahakama Kuu iliombwa ikiondoe, ikakataa tarehe 24 Mei 2019. Watega mitego wanakijua kifungu hicho vizuri kuliko mawakili.

Sasa jiweke mahali pa mtu aliyewahi kuponea hapo. Akaunti isiyo na sura inamwambia: njoo mahali fulani, saa fulani, ni bure, usiogope. Maneno ya mtega mtego ni hayo hayo! Kwa hiyo kadiri tulivyokuwa wachangamfu, ndivyo tulivyozidi kutiliwa shaka. Tumepunguza uchangamfu. Tunajibu kwa ufupi, hatutumii kopakopa, hatuulizi jina, na kamwe hatuchagui sisi mahali pa kukutana.

Jambo jingine tunalomwambia kila mtu, hata aliyekuja kuuliza kondomu: zima kipengele cha kuonyesha umbali. Simu moja ikijua uko mita mia tatu haijui uko upande gani, lakini mtu akipima kutoka sehemu tatu tofauti anafika mlangoni kwako. Mwaka 2014, ilipohofiwa kwamba polisi wa Misri wanawasaka mashoga kwa njia hiyo, Grindr yenyewe iliuficha umbali katika nchi zenye hatari. Wengi hapa hawakujua kwamba kitufe hicho kipo.

Kuhusu kondomu nilikuwa na neno moja nisisahau. Mafuta ya nazi. Kila nyumba ya Pwani ina chupa, na vilainishi vya maji havipatikani dukani bila macho ya watu, hivyo mtu anafanya linalowezekana. Mafuta yoyote, ya nazi, ya kujipaka, ya kupikia, yanaiharibu kondomu ya mpira na inapasuka. Tulipoiweka sentensi hiyo kwenye akaunti, ndiyo iliyoleta ujumbe mwingi kuliko zote. Hakuna aliyeona aibu kuuliza juu ya mafuta ya nazi.

Januari 2025

Tumeanza kutoa vipimo vya kujipima. Ni vile vya mate: unapitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini, unakitumbukiza kwenye kichupa chenye maji ya dawa, unasubiri dakika 20. Mstari mmoja penye herufi C, virusi havijaonekana. Mistari miwili, C na T, nenda ukahakikishe kituoni kwa vipimo vingine, maana kijiti hiki peke yake hakitoi hukumu.

Boksi la kiwandani limeandikwa HIV kwa herufi zinazosomeka ng'ambo ya barabara. Tunavitoa, tunavitia kwenye bahasha za kaki za ukubwa wa zile za vipuri vya simu, na nje tunaandika "chaja". Kijana wa boda tunayemtumia anajua anabeba nini na hana shida. Anayepokea anachagua: apelekewe, akachukue kwa kemisti mmoja rafiki yetu kwa kutaja neno tulilokubaliana, au amtume mtu. Wengi wanachagua kemisti. Mtu yeyote huingia kwa kemisti, hata kununua Panadol.

Usiku mmoja, saa saba imepita, imeingia picha. Kijiti kiko juu ya sinki, mstari wa C mzito, wa T kama upo kama haupo. "Boss huu ni mstari ama ni macho yangu?"

Nimemuuliza alikitumbukiza saa ngapi. Saa tatu. Yaani zaidi ya saa nne nzima zilishapita. Kipimo hiki husomwa kati ya dakika 20 na 40. Baada ya hapo kinachotokea hakiaminiki. Nimemwambia hivyo. Nimemwambia pia, kwa sababu ni kweli na nisingependa agundue baadaye kwamba nilimficha, kwamba mstari hafifu ukitokea ndani ya muda wake unahesabiwa kuwa mstari. Tukakubaliana arudie kesho na kipimo kingine, aweke kengele ya simu, nami niwe hewani. Alirudia. C peke yake. Akauliza kama sasa yuko salama, nikamuuliza mara ya mwisho alikuwa lini na mtu bila kinga. Wiki iliyopita. Basi jibu hilo haliwezi kuisemea wiki iliyopita, kwa sababu kijiti hiki huhitaji hadi miezi mitatu kuwa na uhakika. Na saa 72 za kuanza PEP, zile tembe za siku 28 baada ya hatari, zilikuwa zimeshampita. Amekubali kwenda kupimwa damu.

Mazungumzo ya aina hiyo yanachukua usiku mzima kwa mtu mmoja. Kwenye fomu ya ripoti yanajaza kisanduku kimoja: "alifikiwa".

Mwisho wa mwezi huu zimekuja habari za Washington. Serikali mpya ya Marekani imesimamisha misaada ya nje, na amri ya kuacha kazi imefika hadi huku. Kituo tunachowapeleka watu kinalipwa na pesa hizo.

Februari 2025

Kituo kimefungwa. Nakumbuka tulivyokichagua: nyumba ya kawaida ndani ya mtaa, geti jeusi, hakuna bango, mhudumu aliyezoea kuita watu kwa namba. Kilikuwa jibu la lile swali la ukutani. Vituo vingi vya namna hiyo nchini vimefungwa au vinafanya kazi nusu nusu.

Kisha ukaja msamaha kidogo, baadhi ya huduma za HIV ziruhusiwe kuendelea. Kwa upande wa PrEP, ruhusa ni ya wajawazito na wanaonyonyesha tu. Nimesoma mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya. Sina ubaya na kina mama, wapewe, tena wapewe zaidi. Lakini tembe ile ile, kutoka chupa ile ile, mwanaume shoga haruhusiwi kupewa kwa pesa hizo.

Akaunti imejaa ujumbe wa watu waliobakiza vidonge vichache. Tunachowajibu: msigawane, msiruke siku mkidhani mnavinyosha, na mkiacha basi kondomu ichukue nafasi tangu siku hiyo. Aliye na wasiwasi wa homa ya ini aina ya B asiache bila kumwona daktari, kwa sababu dawa hii huibana pia homa hiyo na kuiacha ghafla kunaweza kuirudisha kwa nguvu.

Tunakopeleka watu sasa ni hospitali ya serikali. Foleni ya wote, benchi la wote. Hapo ndipo mazungumzo mengi yanakatikia. Mtu tumeongea naye siku kadhaa, ameshakubali kila kitu, nikimtajia hospitali ananyamaza. "Shangazi yangu anafanya kazi pale." Mombasa kila mtu ana shangazi anayefanya kazi pale.

Machi 2025

Ramadhani. Saa za kazi zimegeuka. Mchana programu zimekufa; baada ya tarawehe hadi daku hatupumui. Kuna wanaofuta akaunti mwezi huu na kuirudisha Idd, na tumeacha kuwahesabu kama waliopotea. Wengine wanabaki, lakini wanataka kuongea tu.

Maswali ya mwezi: tembe ya kila siku na saumu inakuwaje? Rahisi, imeze wakati wa futari au daku, chagua mmoja usibadilishe. Kile kijiti cha mdomoni kinatengua? Hilo si la kwetu kufutu. Tunasema fanya usiku, na usubiri angalau robo saa baada ya kula au kunywa, jambo ambalo maelekezo ya kipimo yanalitaka kwa vyovyote. Aliyeuliza amejibu "mashallah, kumbe mna akili". Tumeipokea.

Aprili na Mei 2025

Ufumbuzi kidogo, na haukutoka kwetu. Umetoka kwa sista mmoja, muuguzi wa hospitali, mtu mzima, wa kanisani, ambaye hajawahi kunisikia nikisema neno shoga wala sijamsikia yeye akilisema. Nilikwenda na hoja zangu zote za haki za wagonjwa. Akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, waambie waje saa nane. Saa nane hakuna mtu. Wasiende dirishani, waje moja kwa moja waniulize mimi, waseme wamekuja kwa shinikizo la damu."

Ndivyo tunavyofanya. Shinikizo la damu humpata yeyote, na hakuna jirani anayelifuatilia. Kwenye akaunti tunasema tu "saa nane, muulize sista, sema pressure". Waliokuwa wakinyamaza nikitaja hospitali wameanza kujibu. Si wote. Wa mbali kama Ukunda bado inawapasa kuvuka feri na kuomba ruhusa kazini, na kwao hatuna jibu.

Ndani ya miezi hii pia tumevutana na mfadhili (mwingine, wa Ulaya, aliyebaki) kuhusu orodha. Anataka namba ya simu ya kila aliyefikiwa ili ahakikishe hatuhesabu mtu mmoja mara mbili. Naelewa shida yake. Jibu letu ni hapana. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziita taarifa za afya na za mwelekeo wa kimapenzi kuwa nyeti, na kwa watu wetu si nyeti kwenye karatasi tu.

Nilimkumbusha pia kilichoikuta Grindr yenyewe. Tangu 2016 ilimruhusu mtumiaji kuandika hali yake ya HIV na tarehe aliyopima mwisho, jambo jema kwa kinga. Mwaka 2018 ikafichuka kwamba taarifa hizo zilikuwa zikipelekwa kwa kampuni mbili za nje zilizoisaidia kuboresha programu. Ikaahidi kuacha. Mwaka 2021 mamlaka ya data ya Norway ikaitoza faini ya kroni milioni 65 kwa kuwagawia watangazaji data za watumiaji bila idhini halali, kesi nyingine hiyo lakini ugonjwa ni ule ule. Ikiwa kampuni yenye wanasheria wake wote ilishindwa kutunza siri hiyo, kompyuta yetu moja yenye kibodi mbovu itaitunza vipi? Dawa ni kutokuwa nayo. Tunampa kila mtu namba ya kubahatisha anayoishika mwenyewe, akirudi anaitaja. Mfadhili amekubali kwa shingo upande.

Programu moja imeifunga akaunti yetu kwa kile ilichokiita "matangazo". Tumelalamika, tumejibiwa na mashine. Tumefungua nyingine. Nasikia Marekani Grindr imewawekea watu wake kitufe cha kuagiza kipimo bure hadi nyumbani. Huku hakuna kitufe, kuna sisi na bahasha za chaja.

Juni 2025

Ameandika mtu anayeishi na virusi, anameza dawa miaka kadhaa, kipimo cha mwisho hakikuona virusi kwenye damu yake. Aliandika ukweli huo kwenye akaunti yake. Akatukanwa usiku kucha, kisha mmoja akasambaza picha ya akaunti hiyo kwenye kundi la WhatsApp. Anauliza kama sisi tunaweza kuwaeleza watu, yeye amechoka.

Tumeweka ujumbe. Utafiti wa PARTNER, uliochapishwa 2019, uliwafuata mamia ya wapenzi wanaume, mmoja ana virusi na anatumia dawa barabara, mwingine hana. Walijamiiana bila kondomu mara elfu sabini na kitu. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mpenzi wake huyo. Hakuna. Aliye kwenye dawa na virusi vyake havionekani hamwambukizi mtu kitandani. Wa kuogopwa, kama lazima kuogopa, ni mimi na wewe tunaosema "niko safi" na mara ya mwisho tulipima kabla ya korona.

Neno hilo "safi" tumeliondoa kwenye majibu yetu yote. Tunaandika "sina virusi, nilipima mwezi fulani".

Majibu yamekuwa mchanganyiko. Mmoja ametuita mawakala wa shetani, jambo la kuchekesha ukizingatia yuko kwenye programu gani. Lakini wawili watatu wameandika kimya kimya kwamba na wao wako kwenye dawa na hawajawahi kumwambia mtu.

PrEP imeanza kupatikana kwa sista kwa vichupa vya serikali, si kila juma. Kwa asiye na hatari ya kila siku tunaeleza ule utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani limeukubali kwa wanaume tangu 2019: tembe mbili kati ya saa 2 na saa 24 kabla ya tendo, moja saa 24 baada ya zile mbili, moja saa 24 nyingine. Mwenye homa ya ini B asiufuate. Waume za watu wanaupenda mno, kwa sababu hakuna kichupa cha kukaa kabatini. Tembe nne zinaingia kwenye pochi.

Julai 2025

Swali la mwezi ni sindano. Watu wamesikia. Lenacapavir, inachomwa chini ya ngozi ya tumbo mara moja kila miezi sita. Marekani waliiidhinisha mwezi uliopita, na mwezi huu Shirika la Afya Duniani limeipendekeza kwenye mkutano wa HIV wa Kigali. Kwenye majaribio ya wanawake wa Uganda na Afrika Kusini hakuna hata mmoja wa waliochomwa aliyeambukizwa. Kwenye yale ya mashoga na watu waliobadili jinsia, wawili tu kati ya watu 2,179. Nikiiweka mbele ya swali letu la ukutani: mara mbili kwa mwaka uonekane ukiingia, na nyumbani hakuna kichupa. Sijaona kinga iliyowafaa watu wetu zaidi ya hiyo.

Lakini bado haijafika kwa sista, na jibu letu linasema hivyo: haipo hapa kwetu bado, endelea na ulichonacho, ikifika tutaandika. Tumelazimika kuongeza mstari mmoja wa herufi nene, usinunue kwa mtu, kwa sababu akaunti moja yenye picha ya bomba la sindano tayari inaitangaza, oda kwa M-Pesa, "delivery Mombasa yote". Tumeiripoti kwenye programu na kumpelekea kemisti wetu picha yake awatahadharishe wenzake. Hadi ninapoandika haijafungwa. Agosti inaanza na kuhesabu bahasha, vijiti vilivyobaki havifiki mwisho wa mwezi, na sista anakwenda likizo, kwa hiyo anatafutwa mtu mwingine wa saa nane.